Mzuka wa Abasia ya Saint Vincent ukipigiwa hesabu

Visa vingi vya mizuka katika vyuo vikongwe vya Marekani havishikiki. Kuna mtawa asiye na uso, ngazi zinazolia usiku, taa inayojiwasha yenyewe, lakini tarehe hakuna, na bila tarehe huna pa kuanzia. Kisa cha Saint Vincent, karibu na Latrobe, Pennsylvania, ni tofauti. Kina tarehe, kina saa, na kina barua ya abate mwenyewe, yaani mkuu wa watawa.

Saint Vincent ni abasia, yaani makao ya watawa wa Kibenedikto, na chuo kwenye eneo moja. Boniface Wimmer alifika hapo mwaka 1846 kutoka Metten, Bavaria, akiwa na wenzake 18, na mwaka 1855 nyumba ikapewa hadhi ya abasia. (Wabenedikto tunaowajua wa Peramiho na Ndanda nao wana asili ya Bavaria, ila wao ni wa shirika jingine, la St. Ottilien.) Magazeti yalipoanza kukitia chumvi kisa hiki, Wimmer, sasa akiwa abate, aliandika barua Februari 1860 kuweka mambo sawa. Kwa ufupi, anasema hivi: Septemba 1859 mnovisi mmoja, yaani mtawa aliye bado kwenye majaribio, alitokewa na Mbenedikto aliyevaa vazi kamili la kwaya. Kuanzia tarehe 18 Septemba hadi 19 Novemba alimtokea kila siku, ama saa tano hadi saa sita mchana, ama saa sita hadi saa nane usiku. Siku ya mwisho, mbele ya shahidi mmoja wa jumuiya, mnovisi akamuuliza anataka nini.

Jibu lake halina vitisho vya filamu. Ni la mdaiwa. Alikuwa toharani, mahali roho husafishwa kabla ya kuingia mbinguni, miaka 77 kwa kuacha kuadhimisha misa saba alizowajibika nazo. Alikwisha kuwatokea Wabenedikto wengine saba kwa nyakati mbalimbali, hakuna aliyemsikia, na asiposaidiwa safari hii angerudi baada ya miaka 11. Alitaka misa saba. Mnovisi naye afanye mafungo ya siku saba kwa ukimya, na kwa siku 30 asali Miserere, yaani Zaburi ya 51, mara tatu kila siku, akiwa pekupeku na mikono ameinyoosha. Masharti yakatimizwa kati ya 21 Novemba na 25 Desemba, na baada ya misa ya mwisho mzuka haukuonekana tena.

Sasa chukua kalamu. Ukitoa 77 kwenye 1859 unapata 1782. Mwaka huo hapakuwa na Mbenedikto wala kanisa mahali pale. Shamba lenyewe, lililoitwa Sportsman's Hall, lilinunuliwa na Padre Theodore Brouwers, Mfransisko, mwaka 1790. Kwa hiyo marehemu hakufia hapo, na wasimulizi wanaomwita "mtawa wa zamani wa Saint Vincent" wamekosea tangu mwanzo.

Inapendeza zaidi ukigawa. Miaka 77 ni 11 mara 7. Ukishika mwendo wa miaka 11, anatokea 1782, 1793, 1804, 1815, 1826, 1837, 1848, kisha 1859: watawa saba, na mnovisi wa nane. Inakaa sawasawa, kupita kiasi. Tena ukimdhania Mbavaria, 1804, 1815 na 1826 zinaangukia wakati abasia za huko zimefungwa na serikali. Metten ilifungwa 1803, ikafunguliwa tena 1830. Bado walikuwepo watawa waliotawanyika, na Austria na Uswisi zilikuwa na nyumba zao, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Lakini hesabu siku za kutokea, 18 Septemba hadi 19 Novemba: ni 63, yaani wiki tisa kamili. Kwangu, namba zinazopangika hivi zinatoka kwenye kichwa kilicholelewa na mapokeo, na yale masharti yananipa sababu zaidi. Siku 30 zinafanana na Misa za Kigregori, zilizotokana na kisa cha Papa Gregori Mkuu kuhusu mtawa Justus aliyeficha sarafu tatu za dhahabu, akafunguliwa baada ya misa za siku 30.

Vipi kuhusu mwili wa mnovisi? Saa za usiku zinaelezeka kwa jinamizi, hasa kwa mtu anayekatiwa usingizi ili kusali kabla ya alfajiri. Kanuni ya Benedikto, sura ya 41, inaanzisha mfungo katikati ya Septemba, mlo mmoja saa tisa alasiri, ingawa ushikaji wake ulitofautiana nyumba kwa nyumba. Saa za mchana ni ngumu zaidi, na sioni haja ya kulazimisha maelezo.

Mnovisi huyo alikuwa Paul Keck. Hakuishia kwenye mzuka: maono yake yaliendelea, yakaigawa jumuiya, Wimmer mwenyewe akiwa upande wa walioamini, mpaka Roma ikayachunguza na kuyakataa. Anayesimulia mzuka na kuiacha sehemu hii anauza nusu ya kisa.

Ukisikia kisa hiki kwa mdomo, uliza kilitokea jengo gani. Basilika ya sasa ilianza kujengwa 1891 na kutabarukiwa 1905, kwa hiyo mzuka wa 1859 hauwezi kuwekwa ndani yake. Kinu cha nafaka cha 1854 kilikuwepo, na bado kipo. Moto wa Januari 1963 nao uliteketeza sehemu ya majengo, hivyo "chumba chenyewe" unachoonyeshwa kisikutie imani upesi.

Kauli nzito kuliko zote katika barua husahaulika: kwamba kati ya mapadre watano waliofia abasiani hapo, hakuna hata mmoja aliyekwisha kuingia mbinguni. Nusu ya kauli hiyo inakagulika. Abasia za Kibenedikto huweka nekrolojia, daftari la marehemu ambalo majina yake husomwa siku ya kumbukumbu yao. Hesabu mapadre wa 1846 hadi 1859. Wakiwa watano, umethibitisha tu kwamba mnovisi aliijua idadi ya makaburi, na hiyo hata mpishi aliijua.