Udongo haulishikilii bwawa, unalibonyeza

Hapa Moshi, ukinunua bwawa la kuogelea la kusimamisha juu ya ardhi, lile la ukuta wa bati na plastiki ndani, hakosi mtu wa kukwambia: "Lichimbie nusu, udongo utalishikilia." Inaniuma kila nikisikia, maana ukweli ni kinyume chake.

Ukuta ule umetengenezwa kuhimili maji yanayousukuma kwenda nje. Bati linakaza kama pete ya pipa, na hapo lina nguvu ajabu: kwenye kina cha mita 1.2, maji yanasukuma kwa takriban tani 1.2 kwa kila mita ya mraba. Udongo unasukuma kwenda ndani, na huko bati halina ubishi. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, libonyeze ubavuni kwa dole gumba. Umeona?

Bwawa likijaa, maji yanaujibu udongo. Balaa ni siku ya kulimwaga ulisafishe, halafu ni masika, udongo umelowa na umekuwa mzito. Ukuta unajikunja ndani. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hufura ukinyonya maji. Kutu nayo haiko mbali.

Kuchimbia kunawezekana, lakini kwa bwawa ambalo mtengenezaji wake ameruhusu lifukiwe. La sivyo, jenga ukuta wa zege wa kuzuia udongo, uache nafasi kati yake na bwawa, na chini uweke njia ya kutolea maji. Kwenye mteremko, kata upande wa juu usawazishe. Usijaze upande wa chini, kifusi hutitia.