Widal imesoma 1:80. Je, ni taifodi?

Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, upande wa bakteria. Karibu kila siku naona karatasi ya majibu ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, imeandikwa "O 1:80, H 1:160" (O na H ni sehemu mbili za bakteria, na 1:80 ni seramu kuzimuliwa mara 80) na mgonjwa tayari ameshaanzishiwa sindano. Nasema wazi: karatasi hiyo peke yake haithibitishi taifodi.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896, na hakitafuti bakteria bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yao. Tunadondosha seramu (maji ya damu) ya mgonjwa kwenye kigae cheupe, tunaongeza tone la antijeni (sehemu za bakteria ambazo kingamwili huzishika), tunachanganya na kutikisa taratibu kwa dakika moja hivi. Ikikatika chembechembe kama maziwa yaliyoharibika, imeshika, yaani jibu ni chanya. Lakini kingamwili hizo hubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona. Bakteria wengine wa jamii ya Salmonella wana antijeni zinazofanana na za taifodi, na hata malaria huweza kuifanya ishike. Kwa mtu aliyekulia kwenye taifodi nyingi, 1:80 yaweza kuwa hali yake ya kila siku. Na mgonjwa wa kweli, wiki ya kwanza, anaweza kutoka hasi. Inaniuma kuona mtu anaambiwa ana "malaria, taifodi na UTI" kila akipata homa, anamaliza dozi, na kinachomsumbua hakijaguswa.

Kipimo cha kudai ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa yenye chakula cha bakteria ili waliomo wakue. Kwa nini damu, na ugonjwa ni wa matumbo? Kwa sababu Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu mapema. Kwenye choo huonekana zaidi kuanzia wiki ya pili. Ila kwenye damu huwa wachache mno, mara nyingi hata mmoja kwa mililita hafiki. Ndiyo maana kwa mtu mzima tunaomba mililita 10 hivi, si 2, na zichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Hapo ndipo tunaposhindwa mara nyingi: sindano imechomwa usiku, chupa inaletwa asubuhi.

Chupa ikiingia ukungu, dalili kwamba bakteria wameota, tunapandikiza kwenye sahani ya MacConkey, yenye chakula cha bakteria na sukari ya laktosi. Kesho yake makoloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) ya Typhi hayana ile rangi ya waridi, kwa kuwa hawatumii laktosi. Tunamtambua kwa vipimo vingine, kisha tunaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa kuona ipi inamzuia. Hilo Widal haiwezi kukuambia kamwe, na usugu wa dawa kama ciprofloxacin upo.

Majibu huchukua siku kadhaa, na kuotesha hukamata takriban nusu tu ya wagonjwa. Kwa hiyo hasi haifuti taifodi. Daktari akiona dalili zote zipo, aendelee kutibu.

Wenzangu wa wodini, kwenye fomu andikeni homa ilianza lini na dawa gani mgonjwa ameshameza, hata zile za duka la dawa. Fomu yenye neno "homa" tu inatuacha gizani.