Gari la Spoti la Kale Linapogoma Kuwaka Kwenye Joto

Msimu wa joto ukiingia, maswali ninayoulizwa huwa yanafanana. Gari ni MGB, au Triumph Spitfire, au Alfa Romeo yenye kabureta za Weber (kabureta ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Asubuhi linawaka bila tabu na barabarani linakwenda vizuri, kisha linaegeshwa robo saa juani na stata ikipigwa halishiki. Mwenye gari mara nyingi ameshanunua pampu mpya kabla ya kuniuliza. Mimi humwomba kwanza afungue plagi moja, ile inayotoa cheche ndani ya silinda, injini ikiwa bado ina moto, aitazame.

Plagi iliyolowa petroli inakwambia mafuta yamezidi. Plagi kavu inakwambia mafuta hayafiki. Ni maradhi mawili yanayopingana, ila kwa dereva aliyeshika usukani yote mawili ni gari lisilowaka. Ndiyo maana siruhusu kifaa chochote kinunuliwe kabla plagi haijatoka.

Tuanze na la kuzidi, maana ndilo ninalokutana nalo zaidi. Ukizima injini, pampu ya maji inasimama na upepo wa feni unakatika, lakini chuma bado kimebeba joto lote. Kwa dakika kadhaa kabureta huwa na moto kuliko ilivyokuwa ukiendesha. Kwenye MGB yenye kabureta mbili za kampuni ya SU hali ni mbaya zaidi, kwa sababu zimekaa upande uleule wa manifoldi ya ekzosi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini), juu yake. Petroli iliyo kwenye bakuli la boya, chumba kidogo cha kabureta ambamo boya hudhibiti kimo cha mafuta, inachemka, na mvuke unaisukuma itoke kwenye jeti (tundu dogo la kupitishia petroli) imwagike ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ukirudi na kupiga stata, silinda zinavuta mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuyachoma.

Petroli haina kiwango kimoja cha kuchemka. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na zile nzito husubiri hadi karibu 200. Petroli ya leo imetengenezewa magari ya injeksheni (yanayonyunyiza mafuta bila kabureta), ambayo mengi husukuma mafuta kwa shinikizo la baa 3 au zaidi, na shinikizo hilo linaizuia isichemke. Bakuli la kabureta halina ulinzi huo. Petroli imetulia humo kwa shinikizo la hewa ya kawaida tu. MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, wakati petroli ilikuwa ya aina nyingine, kwa hiyo gari lako linaweza kusumbua leo bila kuwa na kifaa chochote kibovu.

Likikugomea namna hiyo, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, ishikilie hapo hapo, piga stata. Choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, usiiguse. Pedali usiipampu, hasa kwenye Weber, kwa sababu kila ukikanyaga, pampu yake ndogo ya ndani inarusha petroli zaidi kwenye injini ambayo tayari imelowa. Ikishika itatoa moshi mweusi kidogo, kisha legeza mguu taratibu.

Tiba ya kudumu ni kuzuia joto lisifike kwenye kabureta. Angalia kama ile ngao ya bati kati ya kabureta na ekzosi bado ipo. Nakutana na magari mengi ambayo iliondolewa wakati wa kubadilisha filta za hewa na haikurudishwa. (Baadhi ya ngao za zamani zilibandikwa asbesto. Usiikwangue.) Kagua vipande vya bakelaiti (plastiki ngumu) vinavyotenga kabureta na manifoldi, visiwe na nyufa. Pima pia kimo cha boya, kwani bakuli lililojaa kupita kiasi hufurika upesi. Na ukiegesha, fungua boneti. Mafundi wengine hudharau hilo, lakini linasaidia kweli.

Sasa plagi kavu. Hapa gari huzimikia njiani, mara nyingi kwenye foleni au mlima mrefu. Spitfire ina pampu iliyofungwa kwenye bloku ya injini, nayo huvuta mafuta kutoka tangi la nyuma. Penye kuvuta shinikizo hushuka, na shinikizo likishuka petroli huchemka mapema zaidi, halafu inaingia kwenye pampu yenye moto. Pampu ya kusukuma kimiminika haiwezi kusukuma mvuke. Kwa wenye pampu ya umeme ya SU, sikiliza: ikigonga mfululizo bila kupumzika na kabureta ni tupu, inavuta hewa au mvuke.

Mimi huanza kwa kuhamisha paipu mbali na ekzosi, kisha naweka njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi ili petroli isitulie mahali penye moto. Pampu ya umeme karibu na tangi naiweka baadaye, ikiwa na swichi ya kuikata gari likigongwa, na shinikizo dogo ambalo sindano ya kabureta, inayofunga mafuta bakuli likijaa, inalimudu. Mipira ya mafuta iwe na alama ya R9, inayostahimili ethanoli, pombe inayochanganywa kwenye petroli. Uingereza petroli ya kawaida ina hadi asilimia 10 ya ethanoli tangu 2021.

Plagi ikiwa kavu na bakuli lina mafuta, au imelowa lakini mbinu ya pedali haisaidii, acha kabureta. Koili na kondensa, vifaa vya umeme vya kutengeneza cheche ya plagi, huchoka kwa joto na kupona zikipoa, kwa hiyo cheche ipimwe gari likiwa limegoma, mbali na mvuke wa petroli. Ikiwa dhaifu na ya njano, badilisha kondensa kwanza.