Loji ya Freemason na kazi zake za hisani: dhana potofu na ukweli

Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya, jina la Freemason hutajwa pale mtu anapojenga ghorofa kwa haraka, msanii anapopata umaarufu wa ghafla, au kijana anapofariki katika mazingira yasiyoeleweka. Habari hizo husambazwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga ndani ya loji, na madhara yake ni makubwa: wapo waliotapeliwa akiba yao yote kwa jina hilo, na wapo waliochafuliwa majina kwa sababu tu walifanikiwa. Kwa hiyo inafaa kuzitazama moja baada ya nyingine zile dhana zinazorudiwa zaidi kuhusu shughuli za loji, hasa kazi zake za hisani.

Freemason ni chama cha kindugu, na loji ni kundi la wanachama wake wa mahali fulani wanaokutana mara kadhaa kwa mwaka chini ya Loji Kuu, yaani chombo kinachozisimamia loji. Chama chenyewe huhesabu mwanzo wa Loji Kuu ya kwanza kuwa tarehe 24 Juni 1717, pale loji nne za London zilipoungana. Loji nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania ziko chini ya Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza kupitia uongozi wa Wilaya ya Afrika Mashariki, na nyingine ziko chini ya Loji Kuu ya Scotland. Alama zake ni vifaa vya mafundi waashi, yaani guni ya kupimia kona na bikari ya kuchorea duara, kwa kuwa chama kilirithi lugha na ishara za mafundi waliojenga makanisa na ngome za mawe.

Dhana: Anayejiunga hupewa fedha

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi. Ukweli ni kinyume chake kabisa, kwa sababu mwanachama wa loji ndiye anayetoa. Hulipa kiingilio, hulipa ada ya kila mwaka, hununua aproni na glavu zake, hulipia chakula kinachofuata baada ya kikao, na mfuko wa sadaka unapopitishwa hutarajiwa kutia alichojaliwa. Mwombaji hutakiwa kuwa mtu mzima mwenye sifa njema, anayeamini kuwapo kwa Mungu, na mwenye uwezo wa kutimiza wajibu huo bila kuinyima familia yake mahitaji.

Liko tendo moja katika sherehe ya kumpokea mwanachama mpya, katika loji zinazofuata utaratibu wa Kiingereza, ambalo limeandikwa na kuchapishwa kwa miaka mingi na ambalo linaeleza jambo hili vizuri kuliko hoja yoyote. Kabla ya kuingia ukumbini, mwombaji huondolewa fedha zote na kila kitu cha madini alicho nacho. Baadaye, akiwa amesimama katika kona ya kaskazini-mashariki ya ukumbi, huombwa mbele ya wote achangie chochote kwa ajili ya wenye shida, naye hulazimika kujibu kwamba hana kitu. Hapo huelezwa kwamba hakuombwa ili adhihakiwe, bali ili siku atakapokutana na mtu aliyeishiwa aikumbuke saa ile aliyosimama mikono mitupu, na amsaidie kwa kadiri ya uwezo wake. Hilo ndilo somo lake la kwanza, nalo linahusu kutoa.

Matapeli huuza kinyume cha somo hilo. Ujumbe huingia kwenye simu, au tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya umeme likiwa na nembo ya guni na bikari na namba ya kupiga. Anayepiga huambiwa kwamba amebahatika kuchaguliwa, kwamba atapata mamilioni na gari, ila atume kwanza pesa kidogo ya fomu. Akishatuma huambiwa ya joho na pete, kisha ya usafiri wa wakala, kisha ya kufungulia akaunti ya kupokelea hayo mamilioni, na kila awamu ni kubwa kuliko iliyotangulia, hadi mtu anauza kiwanja au anaingia katika madeni asiyoweza kuyalipa. Aibu humziba mdomo, kwa kuwa kwenda polisi ni kukiri hadharani kwamba alikuwa akiutafuta utajiri wa namna hiyo, na tapeli analijua hilo. Hakuna loji halali inayotafuta wanachama kwa kuahidi fedha, wala inayotoza fomu kwa njia ya simu kupitia wakala asiyejulikana. Anayepata ujumbe wa namna hiyo anazungumza na mwizi, na namba hiyo yafaa ipelekwe polisi.

Wanaotaka mfano wa mtu tajiri aliyekuwa mwanachama humtaja Sir Andy Chande, ambaye kwa miaka mingi aliongoza Freemason katika Afrika Mashariki na aliyefariki mwaka 2017. Chimbuko la mali yake si fumbo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene mkoani Tabora, katika familia ya wafanyabiashara iliyokuja kumiliki viwanda vya kusaga nafaka. Viwanda hivyo vilitaifishwa mwaka 1967, naye akakubali kuitumikia serikali ya Mwalimu Nyerere kwa kuliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Hayo ni maisha ya biashara na utumishi wa umma ambayo yamo katika kumbukumbu, na anayetaka kuyachunguza hahitaji kusingizia majini.

Dhana: Sadaka zao ni pazia la ibada ya shetani

Dhana hii ina historia, na historia hiyo ina jina la mtu. Mwandishi wa Kifaransa aliyejiita Léo Taxil alianza katikati ya miaka ya 1880 kuchapisha mfululizo wa maandishi akidai kwamba loji humwabudu Ibilisi, akaleta hadi mashahidi wa kubuni, na wasomaji wengi wa Ulaya wakamwamini, wakiwamo viongozi wa dini. Tarehe 19 Aprili 1897, mbele ya mkutano wa hadhara mjini Paris, alitangaza kwa kinywa chake kwamba yote yalikuwa uongo alioutunga. Maandishi yake hata hivyo yaliendelea kunukuliwa, na mengi yanayosambazwa leo kwa Kiswahili kuhusu makafara na majoka ni wajukuu wa uzushi ule. Nchini Kenya mazungumzo hayo yalipata uzito zaidi baada ya Rais Moi kuunda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994.

Kinachofanyika katika kikao cha kawaida kinajulikana. Husomwa kumbukumbu za kikao kilichopita, hupokelewa mahesabu, hupigwa kura juu ya waombaji, na huendeshwa sherehe ya kumpandisha mwanachama katika moja ya daraja tatu. Kitabu kitakatifu huwa wazi muda wote, na kwa kuwa wanachama ni wa dini mbalimbali, kila mmoja huapa kwa kitabu cha dini yake, iwe Biblia, Qurani au Gita ya Wahindu. Mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi ndani ya loji. Mmoja wa viongozi amepewa kazi ya kufuatilia wagonjwa, wajane na wazee wa loji, na mwingine husimamia michango ya hisani, hivyo sehemu ya kikao huwa ni taarifa ya nani amelazwa hospitali na familia ya nani imekwama.

Kusema hivyo si kusema kwamba dini hazina hoja. Kanisa Katoliki lilipiga marufuku uanachama tangu mwaka 1738, likarudia msimamo huo mwaka 1983, na likauthibitisha tena mwaka 2023. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makka nalo lilitoa uamuzi wa kuupinga mwaka 1978. Pingamizi la Kanisa lina hoja zake za kiimani, hasa ile ya kuziweka dini zote katika ngazi moja na ile ya viapo vinavyofungwa nje ya Kanisa. Muumini ana haki kamili ya kuufuata msimamo wa dini yake. Asichokuwa na haki nacho ni kumsingizia jirani yake kwamba ametoa mtoto kafara.

Dhana: Wanasaidiana wao kwa wao tu

Hapa kuna ukweli ndani yake, na ni haki kuukiri. Kwa muda mrefu hisani ya loji ilianzia nyumbani na mara nyingi iliishia hukohuko. Mwaka 1788 daktari wa meno mzaliwa wa Italia, Bartholomew Ruspini, aliongoza uanzishwaji wa shule mjini London kwa ajili ya binti za wanachama waliofariki au kufilisika. Baadaye zikaja nyumba za kutunzia wazee na wajane wa chama, na mwaka 1933 hospitali ya chama ikafunguliwa magharibi mwa London kwa ajili ya wanachama na familia zao. Kwa wakati ambao serikali haikuwa na bima wala pensheni, mpango huo ulifanana na vyama vya kuzikana tunavyovijua, ambavyo hakuna anayevilaumu kwa kumzika kwanza aliyechanga.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2016 mifuko minne mikubwa ya hisani ya Freemason wa Uingereza iliunganishwa kuwa mmoja, nao huhudumia familia za wanachama na vilevile hutoa ruzuku kwa mashirika ya nje. Baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London, uliowaua watu 72 mwezi Juni 2017, ilionekana wazi kwamba kikosi cha zimamoto cha jiji hilo hakikuwa na ngazi ndefu za kutosha. Loji za London zilichanga pauni milioni 2.5 kununua magari mawili ya ngazi yanayofikia urefu wa mita 64. Kabla ya hapo zilikuwa zimechangia pauni milioni 2 kwa helikopta ya pili ya kubebea majeruhi. Anayeokolewa kwa ngazi hiyo au kwa helikopta hiyo haulizwi kama ni mwanachama.

Mfano unaonigusa zaidi ni mdogo mno ukilinganisha na magari hayo. Loji za mkoa wa Essex zilianzisha mpango wa kupeleka wanasesere wa dubu katika idara za dharura za hospitali, na mikoa mingine ikauiga. Mtoto anapoletwa akiwa na mkono uliovunjika au jeraha linalohitaji kushonwa, naye akiwa amejawa na hofu, muuguzi humpa dubu awe wake, kisha humfunga dubu bandeji kwanza ili mtoto aone kitakachofanyika kabla ya kuguswa yeye. Mwanasesere huyo ni wa bei ndogo, lakini mtu alilazimika kuketi katika kikao, kuliwaza jambo hilo, na kurudi kila mwaka kuchangisha ili akiba isiishe.

Nchini Marekani kuna Shriners, chama kinachopokea wale tu waliokwisha kufikia daraja la tatu la Freemason. Hospitali yao ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Shreveport, Louisiana, mwaka 1922, wakati polio ilipokuwa ikilemaza watoto kwa wingi, na leo mtandao wa hospitali zao hutibu mifupa, majeraha ya moto na matatizo ya uti wa mgongo bila kujali kama mzazi ana uwezo wa kulipa.

Dhana: Ni chama cha siri kisichojulikana kilipo wala kinachofanya

Ukumbi wa Freemason wa Nairobi uko barabara ya Nyerere, na wa Dar es Salaam uko katikati ya jiji. Kumbi zote mbili zina nembo yake. Ukumbi mkuu wa London, uliojengwa kati ya mwaka 1927 na 1933 kwa kumbukumbu ya wanachama waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una jumba la makumbusho ambalo mtu yeyote huingia. Chande alijulikana wazi kuwa mwanachama na alikubali kuhojiwa na waandishi wa habari. Mfuko wa hisani wa Uingereza umesajiliwa na msajili wa mashirika ya hisani, na mahesabu yake husomwa na yeyote anayetaka. Kinachofichwa ni maneno na ishara za kutambuana wakati wa sherehe.

Hata hivyo usiri umewahi kutumiwa vibaya, na asiyetaja jambo hilo hasemi ukweli wote. Mwaka 1981 nchini Italia polisi walikuta orodha ya watu zaidi ya 900 wa loji iliyoitwa P2, wakiwamo mawaziri, majenerali na wakuu wa usalama, ambayo iliendelea kufanya kazi gizani baada ya Loji Kuu yake kuisimamisha mwaka 1976. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuivunja. Uovu wa P2 ulikuwa wa kisiasa na wa kifedha, na ulifichuliwa kwa nyaraka na uchunguzi wa kibunge.

Dhana nyingine fupi

Husemwa kwamba Freemason na Illuminati ni kitu kimoja. Illuminati ilikuwa jumuiya ya siri iliyoanzishwa Bavaria, Ujerumani, na Adam Weishaupt mwaka 1776, ikapigwa marufuku na serikali katika miaka ya 1784 na 1785, na ikafa. Anayedai leo kusajili watu katika Illuminati ni yuleyule wa kwenye nguzo ya umeme.

Husemwa pia kwamba ni chama cha wazungu. Mwaka 1775 mjini Boston, Prince Hall na wenzake 14, wote weusi walio huru, walipokelewa katika loji ya askari wa Uingereza, na mwaka 1784 wakapewa hati ya kuendesha loji yao wenyewe kutoka London. Hall aliwasilisha maombi kwa bunge la Massachusetts dhidi ya utumwa, akadai shule kwa watoto weusi, na shule ilipokosekana watoto wakafundishwa nyumbani kwake. Kuhusu wanawake, loji za Uingereza na za Afrika Mashariki zilizo chini yake hupokea wanaume tu, ingawa wanawake wa Uingereza wana vyama vyao tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwangu mimi hilo ni swali la haki ambalo loji inastahili kuulizwa zaidi kuliko maswali yote ya majoka.

Lipo pia jambo ambalo loji za Afrika Mashariki zenyewe zinaweza kulifanya. Taarifa nyingi za kuaminika kuhusu chama hiki zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali matapeli huandika kwa Kiswahili fasaha. Kila loji ya Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ingetoa kwa Kiswahili, kila mwaka, ukurasa mmoja unaosema imechanga kiasi gani, imempa nani, na kwamba haipokei pesa ya fomu kwa njia ya simu, kijana mwenye simu mkononi angekuwa na kitu cha kulinganisha na ujumbe aliotumiwa.