Mng'ao wa sarafu mpya: yanayosemwa Mwanjelwa na ukweli wenyewe

Konda wa daladala ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, akikurudishia sarafu mpya ya mia tano kwenye chenji, lazima uigeuzegeuze. Jirani yako atasema imepakwa vanishi.

Dhana: Inang'aa kwa sababu imepakwa kitu au imesuguliwa.
Mng'ao huo huzaliwa kwenye kipigo cha kiwandani. Kipande cha chuma hubanwa kati ya chapa mbili ngumu, yaani mihuri yenye picha za sarafu, kwa nguvu ya makumi ya tani. Hakiyeyuki, ila hutambaa kuelekea ukingoni kama tonge la ugali chini ya kiganja, na kuacha mistari myembamba mno ambayo jicho halioni. Mistari hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Izungushe taratibu chini ya taa moja: miale itazunguka kama spoki za baiskeli.

Dhana: Ikififia, majivu na limao vitairudisha.
Hapa ndipo wengi wanapoiua. Majivu hukwangua mistari ile, limao huila kwa asidi. Niliwahi kusugua mia mbili kwa dawa ya meno. Iling'aa kweli, lakini mng'ao wa kijiko, na spoki sikuziona tena. Mia tano, iliyoanza kutumika 2014, ina hatari zaidi: ni chuma kilichovikwa nikeli. Ukilichubua vazi hilo, mvua za Mbeya hazichelewi kuleta kutu.

Dhana: Mpya iliyofifia ni feki.
Si lazima. Chapa nazo huchakaa. Chapa ikiwa bado mpya, uso wake ni laini na sarafu hutoka maridadi. Ikishagonga maelfu kwa maelfu, uso huo hukwaruzika na mng'ao wa sarafu hupoa. Vipande visipooshwa vizuri kabla ya kugongwa, doa huzaliwa nalo. Kwa hiyo sarafu mbili za mwaka mmoja zaweza kupishana tangu kiwandani.

Dhana: Baridi ya huku ndiyo inazififisha.
Tunaisingizia. Wahusika ni unyevu na jasho la vidole, hasa kwa zenye shaba kama mia mbili. Ishike ukingoni.

Dhana: Ndani ya plastiki iko salama.
Inategemea plastiki gani. Ile laini ya PVC, yenye harufu kama pazia jipya la bafuni, huchakaa taratibu na kuacha utando wa kijani unaonata juu ya shaba. Zangu nimezihamishia kwenye bahasha ndogo za karatasi, kila moja na yake, zisigongane.