Kusoma vijito vya Mlima Elgon kwenye ramani

Wengi wakifungua ramani ya Mlima Elgon hutafuta kwanza mpaka wa Kenya na Uganda. Mimi huwaomba waanze na maji, maana mpaka wenyewe umeyaegemea: kusini unapanda na mto Lwakhakha, unapita kilele cha Sudek, na ng'ambo ya pili unashuka na mto Suam.

Suam huanzia ndani ya kaldera, lile bonde kubwa la volkeno juu ya mlima, hutoka kwa korongo la mashariki, mbele huitwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Lwakhakha huingia Malaba, maji yake yakaelekea Ziwa Kyoga. Vijito vingine vya upande wa Kenya hujaza Nzoia hadi Ziwa Victoria. Mvua ya mlima mmoja, maziwa matatu.

Sasa chukua ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Tazama kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ikikatiza bonde hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea kule maji yanakotoka.

Hapa usiwe na haraka. Mstari wa buluu ni kijito ambacho mchoraji alikiona kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, na penye msitu mzito miti humficha mengi. Buluu ya vipande vipande ni maji ya msimu. Lakini ukiona V zimepangana moja juu ya nyingine bila buluu yoyote, hilo ni bonde, na mvua kubwa ikinyesha maji yatalifuata, hata kama leo limelimwa mahindi.

Kisha pima mteremko. Tuseme kontua zinapishana kwa mwinuko wa mita 20, na nafasi tano kati yake zimebanana ndani ya nusu sentimita ya ramani. Hapo unapanda mita 100 kwa kila mita 250 za mbele. Udongo ulioloa kwenye mteremko wa namna hiyo haushikiki. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa upande wa Uganda, mlima uliporomokea kijiji cha Nametsi baada ya mvua nyingi, ukafukia nyumba, kituo cha afya na watu wengi.

Kabla ya kuchimba msingi, chukua penseli uziunganishe ncha za V zote zilizo juu ya kiwanja chako. Mstari ukipita kiwanjani, sogeza nyumba.