Ngao ya platinamu na mfuko wa msanii ni vitu viwili

Kwenye studio za Arusha, kuanzia Kijenge hadi Ngarenaro, stori za ngao za dhahabu na platinamu, yaani vyeti vya mauzo ya muziki, hazikauki. Msanii wa nje akiposti picha ameshika ngao yake, hapa Chuga vijana wanaanza kumhesabia magari na majumba. Tatizo ni kwamba wapo wanaosaini mikataba wakiwa na picha hiyo kichwani, na hilo linaniuma.

Dhana: Aliyepata platinamu ni tajiri tayari

Cheti kinahesabu nakala za muziki, hakihesabu alichoingiza msanii. Marekani kinatolewa na RIAA, chama cha makampuni ya kurekodi, tangu 1958. Kwa sasa dhahabu ni nakala 500,000, platinamu ni milioni 1 na almasi ni milioni 10. Cheti hakiji na hela, na hata ngao ya kutundika ukutani inanunuliwa kwa watengenezaji walioidhinishwa.

Katikati ya mauzo na msanii umekaa mkataba. Lebo, yaani kampuni inayokurekodi, ikikupa hela ya kuanzia, ikalipia studio na video, kwa kawaida inajirudishia kwa kukata kwenye asilimia yako wewe, na mpaka deni liishe hupati mrabaha. Kundi la TLC la Marekani lilitangaza kufilisika mahakamani Julai 1995, wakati albamu yao ya CrazySexyCool inauzwa kama njugu. Albamu hiyo ilikuja kupita nakala milioni 10 nchini mwao. Mabinti watatu walijulikana dunia nzima, huku madeni yamewazidi.

Dhana: Wimbo ukipata watazamaji wengi YouTube, umeshapata dhahabu

Hapa ndipo wengi wetu tunachanganya. Ngao za YouTube ni za chaneli, zinatolewa kwa idadi ya waliojiunga nayo: fedha kwa 100,000, dhahabu kwa milioni 1, almasi kwa milioni 10. Mtu wa mapishi anaipata sawasawa na mwanamuziki.

RIAA nao wanahesabu usikilizaji wa mtandaoni, ila kwa kipimo chao. Kwa kanuni ya 2016, wimbo ukisikilizwa mara 150 inahesabiwa nakala moja. Piga hesabu: dhahabu ya wimbo mmoja, bila nakala yoyote iliyonunuliwa, inataka kusikilizwa mara milioni 75. Na hizo ni za ndani ya Marekani peke yake. Ngoma yako ipigwe Moshi, Nairobi na Lubumbashi usiku kucha, kwenye hesabu hiyo haimo. Kwa hiyo kumpima mchanaji wa Kiswahili kwa vyeti vya Marekani ni kumwonea.

Dhana: Ukivuka idadi, cheti kinakuja chenyewe

Uingereza ndiyo, tangu 2013 chama chao cha BPI kinatoa vyeti moja kwa moja kwa kufuata takwimu. Marekani mwenye rekodi lazima aombe, alipie, na hesabu zake zikaguliwe. Motown, lebo ya akina The Supremes, haikujiunga na RIAA hadi miaka ya mwisho ya 70, ndiyo maana nyimbo zao nyingi zilizotamba miaka ya 60 hazikupewa dhahabu zilipokuwa zinauzwa.

Dhana: Dhahabu ni ileile kila nchi

Siyo. Albamu ikifikisha nakala 100,000 Uingereza ni dhahabu, 300,000 ni platinamu. Ukisikia mtu ana platinamu, uliza ya nchi gani.

Dhana: Cheti ni mali ya aliyeimba

Cheti kinaifuata rekodi, na rekodi ina mwenyewe. Hili ndilo ningependa kila kijana anayechana hapa mjini alielewe kuliko yote. Angalia tunavyofanya: msanii anamtumia prodyuza hela ya biti kwa M-Pesa, anapokea faili kwa WhatsApp, anaingia kurekodi, wiki ijayo wimbo uko Boomplay. Masta, yaani rekodi yenyewe iliyokamilika, ni ya nani? Aliyeimba kiitikio ana asilimia ngapi? Aliyelipia studio je? Hakuna karatasi. Wimbo ukikataa, hakuna anayeuliza. Ukihit, urafiki unavunjika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotengenezwa, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya mgogoro. Ila usajili haugawi asilimia mlizoshindwa kukubaliana wenyewe. Hizo ziandikwe studio siku hiyohiyo ya kurekodi, majina kamili, nani kaandika mashairi, nani katengeneza mdundo, masta inabaki kwa nani, kila mmoja asaini na aondoke na nakala yake.